Kijana, Kwa Nini Unajificha?

Ndugu kijana, na wewe mzazi ambaye labda unasoma gazeti hili kabla yake, nina ulizo moja. Mgeni akikukuta leo pale bandarini Kalemie, akakuuliza jina lako, kabila lako na kazi ya baba yako, utamjibu mara moja? Ao utafikiri kwanza ni jibu gani litampendeza?

Usikasirike. Ninauliza sababu ninaona mambo. Binti ambaye nyanya yake alimpa jina la Machozi anajiita Merveille akifika shuleni. Kijana wa Nyunzu akishuka Lubumbashi, hata vumbi ya safari haijatoka viatuni, anasema: "Miye niko mutu ya hapa hapa, nilizaliwa Kamalondo." Mtoto ambaye baba yake anachimba kule Kisengo anawaambia wenzake wa darasa kwamba papa ni ajenti wa kompani. Mwingine, ambaye mama yake anauza ndakala, akimwona mama anakuja na beseni kichwani, anavuka barabara na kupita upande wa pili. Mama amemwona. Mama hasemi kitu.

Watu wanaita hali hiyo kukosa kujiamini. Halafu wanatoa dawa: "Jiamini, kijana! Inua kichwa!" Ni kama kumwambia mgonjwa wa malaria apone. Angekuwa na uwezo huo angekuwa amekwisha kupona.

Mimi ninafikiri ugonjwa unaanzia pengine. Merveille akisifiwa shuleni, sifa hiyo haimfikii Machozi. Inamfikia mtu ambaye yeye mwenyewe amemtengeneza, na Machozi anabaki nyuma yake akiogopa siku watu watakapomgundua. Kadiri anavyosifiwa zaidi, ndivyo anavyoogopa zaidi. Namna gani mtu huyo ataweza kujiamini? Kila siku anatoa ushuhuda mbele yake mwenyewe kwamba yule wa kweli hafai kuonekana.

NCHI NZIMA ILIAMBIWA IWE YENYEWE

Jambo hili si la vijana wa leo tu. Nchi yetu yote ilikwisha kupita katika shule hiyo, na inafaa vijana wajue namna ilivyokuwa.

Wazee wanakumbuka neno "otantisite". Maana yake ilikuwa kurudilia yale yaliyo yetu kweli na kuacha kumwiga Mzungu. Rais Mobutu alilifanya kuwa siasa ya serikali. Miji ilitangulia: mwaka 1966 Léopoldville iliitwa Kinshasa na Élisabethville iliitwa Lubumbashi, na mji wetu nao uliacha jina la Albertville, jina la Albert ambaye alikuwa mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe iliacha kuitwa Kongo, ikawa Zaire. Januari 1972 ikafika zamu ya majina ya watu. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na kila raia akaamriwa kuacha jina la kigeni na kuchukua majina ya wakubwa zake. Mapadri walitishwa kifungo kama wangebatiza mtoto kwa jina la Kizungu. Kravati ilikatazwa. Wanaume walivaa abakosi, lile koti lililofungwa mpaka karibu na shingo, jina lake linatoka katika maneno ya Kifaransa yanayosema, "Kostimi chini!" Wanawake walikatazwa suruali, wakaambiwa wavae kikwembe. Hapakuwa tena bwana wala bibi, watu wote walikuwa sitwayeni. Mwaka 1974 hata Noeli iliondolewa katika siku za kupumzika kazi.

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 tulikuta mambo hayo yamekwisha kukaa. Jina la serikali lilikuwa kwenye kartasi na shuleni. Jina la ubatizo lilibaki nyumbani na kanisani.

Sitasema kwamba yote yalikuwa mabaya. Mtu mweusi asione haya juu ya jina la nkambo yake: hilo ni wazo la kweli, na lilihitaji kusemwa kwa nguvu baada ya miaka mingi ya kudharauliwa na wakoloni. Lakini tazama namna lilivyofanywa. Jina Zaire lenyewe ni matamshi ya Wareno wa zamani, ambao walishindwa kusema vizuri neno la Kikongo "nzadi", maana yake mto mkubwa. Abakosi za wakubwa wengi zilishonwa Ubelgiji, wakati hapa Kalemie tulikuwa na Filtisaf, kiwanda kilichofuma vitambaa na kulisha jamaa nyingi za mji huu! Na mtu aliyeamka asubuhi na kuvaa abakosi hakujiuliza, "Mimi ni nani?" Alijiuliza, "Nani atanitazama leo?" Hofu ilikuwa ile ile ya wakati wa Mbelgiji. Ilibadili nguo tu.

Mmoja aliyepinga alikuwa Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa. Hapa kuna jambo la kushangaza. Malula hakuwa adui wa Uafrika hata kidogo. Yeye ndiye aliyesukuma sana ili misa ya Kikatoliki iwe na nyimbo, ngoma na namna ya kwetu, kazi iliyopata kibali cha Roma mwaka 1988. Alipenda Uafrika, lakini alikataa kuupokea kama amri ya chama. Mwaka 1972 alilazimishwa kwenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kwa upande wetu Waprotestanti, tuliokuwa tumeunganishwa katika Kanisa la Kristo katika Zaire, wakubwa wengi walikubali mambo hayo upesi zaidi. Ninaandika hivyo katika gazeti la kanisa letu, sababu hatuwezi kuwafundisha vijana wasijifiche huku sisi tunaficha.

Halafu, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu mwenyewe alitangaza kule N'Sele mwisho wa chama kimoja, na watu wakaruhusiwa tena kuvaa kravati. Kravati zilirudi upesi. Jean, Pierre na Marie walirudi vilevile. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu alianguka, na nchi ikachukua tena jina la Kongo. Ni nini kilichobaki? Vilibaki vile vilivyokuwa vyetu hata kabla ya amri: kikwembe cha mama, na jina la nkambo ambalo mpaka leo linasomeka kwenye kadi yako ya mchaguzi.

DANIELI ALIACHA JINA LIPITE

Soma kitabu cha Danieli sura ya kwanza, pole pole. Vijana wanne wa Yuda wanachukuliwa Babeli, na mkubwa wa nyumba ya mfalme anawapa majina mapya. Danieli anaitwa Belteshaza. Tungetazamia apigane. Hapigani. Anaacha jina lipite. Lakini kinapofika chakula cha mfalme, hapo anasimama. Na namna anavyosimama ni nzuri sana: hapigi kelele, anaomba kwa adabu, na anatoa shauri la majaribio ya siku kumi.

Danieli alijua ni kitu gani kilicho juu juu na ni kitu gani kilicho yeye. Basi sisemi kwamba kila anayejiita Merveille ametenda zambi. Jina jipya linaweza kuwa furaha tu. Ulizo ni hili: umelichukua kwa sababu unalipenda, ao kwa sababu unamkimbia mtu fulani? Na yule unayemkimbia, je, si wewe?

SASA HAKUNA ANAYETUAMURU

Leo hakuna askari anayekamata mtu kwa sababu ya kravati. Tunajiamuru sisi wenyewe, na amri zetu ni kali kupita zile za Mobutu.

Nianze na ngozi, sababu huko ndiko hatari iko kubwa. Dada, ninajua kuna mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi katika soko zetu zote, na katika karyeri vilevile, maana mahali feza ya mawe inapopita, wauzaji wa vitu hivyo wanafuata. Mengine yana hidrokinoni, mengine yana kortizoni, mengine yana zebaki. Zebaki ndiyo ile ile ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaiita merkiri na kuitumia ili kushika dhahabu. Wewe uliyemwambia kaka yako asiivute moshi wake wakati anaichoma, namna gani unaipaka usoni? Inaingia katika mwili na kuharibu figo. Kwa mama mwenye mimba inaweza kumfikia mtoto. Hidrokinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya weusi wa buluu mashavuni, madoa yasiyotoka tena kwa urahisi. Kortizoni inafanya ngozi kuwa nyembamba kama kartasi. Waulize wauguzi wa salle ya kuzalisha. Mama akipasuliwa ili mtoto atoke, ngozi iliyopakwa mafuta hayo miaka mingi inakuwa taabu kuishona, na kidonda kinakawia kufunga.

Na kama umekwisha kuyatumia kwa muda mrefu, usiache kwa hasira siku moja na kukaa kimya nyumbani. Uende kituo cha afya, useme kweli umepaka nini, uonyeshe hata chupa. Ngozi iliyozoea kortizoni inaweza kuwaka na kuvimba ukiiacha kwa ghafla, na wengi wanarudilia mafuta kwa sababu hiyo tu.

Lakini ninajua vizuri kwamba habari ya figo haitamzuia binti ambaye kila siku anasikia nyumbani kwake mwenyewe: "Ule mweupe njo mzuri, huyu amekuwa mweusi kama makala." Nani anasema maneno hayo? Mara mingi ni shangazi. Mara nyingine ni mama, na anacheka. Binti anacheka naye. Kesho yake anatafuta chupa. Wanaume nao wasijifanye watakatifu katika jambo hili: tazama ni nani wanaomfuata barabarani.

Juu ya nguo na foto nitasema kidogo. Kijana anatoka karyeri baada ya miezi mitatu, amechimba mpaka kucha zimekatika. Kabla ya kumletea mama mfuko wa unga, anakodisha koti na viatu vya mwenzake, anapigwa foto mbele ya gari la mtu asiyemjua, anaituma kwa simu. Watu mia wanasema, "Boss!" Jioni anarudisha viatu. Ile miezi mitatu chini ya udongo, ambayo ndiyo ilistahili heshima, haikuonekana katika foto hata kidogo.

ULIMI WAKO UNAKUSHUHUDIA

Petro, usiku ule Bwana alipokamatwa, alikuwa anaota moto uani. Walimtambua kwa nini? Mathayo anasimulia kwamba waliosimama pale walisikia namna alivyosema. Matamshi ya Galilaya yalimtoa. Petro alikuwa mvuvi wa ziwa, kama baba zetu wengi hapa, na watu wa Yerusalemu walijua sauti ya watu wa ziwa.

Vijana wetu wanateswa sana na jambo hilo. Mtu akienda Kinshasa majuma mawili, anarudi amesahau Kiswahili, eti Lingala tu inakuja mdomoni. Shuleni, mtoto mwenye akili anakaa kimya mwaka mzima kwa sababu Kifaransa chake kina sauti ya Kiluba ao ya Kitabwa, na siku moja alipofungua kinywa darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka. Tangu siku ile anajua jibu lakini haliinui mkono.

Mwanangu, Kifaransa ujifunze, na ujifunze vizuri, sababu ni chombo cha kazi kama jembe na nyundo. Lakini hakuna mtu duniani asiye na matamshi. Mfaransa wa Marseille anachekwa Paris. Mbelgiji anachekwa na Mfaransa. Kosa la maneno linasahihishwa katika kaye. Sauti ya kwenu haihitaji kusahihishwa. Na yule Petro mwenye sauti ya ziwa, siku ya Pentekoste alisimama katika mji ule ule, akahubiri mbele ya maelfu. Kitabu cha Matendo sura ya pili kinaeleza kwamba wasikilizaji walitambua wale wanaosema ni Wagalilaya. Sauti haikubadilika. Petro ndiye aliyekuwa ameacha kuikimbia.

KUJIFICHA KWINGINE SI HAYA

Sasa ninafika kwenye jambo gumu zaidi katika jimbo letu la Tanganyika, na ninaomba wasomaji walisome bila hasira.

Kuna vijana kati yetu ambao ni Batwa, ndugu zetu ambao huku wengi wanawaita Bambote. Baadhi yao, wakija mjini, hawasemi wanatoka wapi. Wanachukua jina la Kiluba ao la Kitabwa, na wanatetemeka siku mtu wa kijiji chao anapopita. Je, tuwaambie nao, "Kuwa wewe mwenyewe, jiamini"?

Pole pole. Tangu mwaka 2013, kwanza upande wa Manono na Nyunzu, Batwa na Baluba pamoja na Bantu wengine waliuana. Vijiji vilichomwa. Katika mwaka 2016 na 2017 watu walikimbia kwa maelfu, na kambi za wakimbizi wa ndani zikauzunguka mji wa Kalemie. Februari 2017 mkutano mkubwa wa amani ulifanyika hapa mjini. Waliokuwa njiani siku zile, wa pande zote mbili, wanajua kwamba jibu la ulizo "Weye uko mutu ya wapi?" lilikuwa uzima ao kifo. Aliyeficha kabila lake mbele ya mshale na panga hakukosa kujiamini. Alitaka kuishi.

Biblia inajua tofauti hiyo. Esta, katika nyumba ya mfalme wa Uajemi, hakusema yeye ni wa taifa gani, na ni Mordekai aliyemlea ndiye aliyemwagiza anyamaze. Biblia haimkemei kwa hilo. Ikafika siku ambayo kunyamaza kungeangamiza watu wake, na hapo akafunga chakula siku tatu, akaomba watu wote wafunge pamoja naye, kisha akaingia kwa mfalme na kusema. Hakuingia peke yake moyoni. Watu wake walikuwa wamefunga nyuma yake.

Sasa tuulizane: mbele ya nani Mtwa anajificha leo? Kama anajificha mbele ya mtu mwenye silaha, tumwelewe. Lakini kama anajificha kwenye benchi la kanisa, katika kwaya, katika kikundi cha vijana, basi zambi iko kwetu tunaokaa pembeni yake. Tunasema "ndugu katika Kristo," halafu tunamwekea kikombe chake pembeni. Tunaimba naye, lakini kijana wake akimpenda binti wetu, nyumba inawaka moto. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria inayolinda haki za watu hao. Ni vizuri, na ninamshukuru Mungu kwa sheria hiyo. Lakini tulikwisha kuona na otantisite kwamba amri ya Kinshasa haiingii moyoni. Mtwa hatajua kama anaweza kusimama na kusema "Miye niko Mutwa" kwa sababu ya gazeti la serikali. Atajua kwa kutazama sura zetu wakati anaposema.

SIMBA NA DUBU WALIKUWA PORINI

Utaniuliza: "Pastere, basi nifanye nini?" Sina dawa ya siku moja, lakini kuna kijana mmoja katika Biblia ninayependa kumrudilia.

Daudi alipotaka kwenda kupigana na Goliati, Saulo alimvika silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na upanga. Saulo hakuwa na nia mbaya. Alimpa kitu bora alichokuwa nacho. Daudi alijaribu kutembea, akaona hawezi, akavivua. Alichukua kombeo na mawe ya mtoni.

Wahubiri wengi tunaishia hapo: kuwa wewe mwenyewe, chukua kombeo lako. Lakini soma kidogo mbele ya hapo, katika sura ile ile ya kumi na saba ya Samweli wa Kwanza. Daudi alipoulizwa anategemea nini, alieleza habari ya simba na dubu aliowaua akichunga kondoo za baba yake, na jinsi Mungu alivyomwokoa kule. Mambo hayo yalifanyika porini. Hakuna aliyemwona, hakuna foto. Kujiamini kwake kulijengwa huko, katika kazi ambayo kaka zake waliidharau. Kombeo bila simba na dubu ni kamba tu.

Kwa hiyo ninakuuliza: ni kazi gani unaijua ambayo unaona haya kuitaja? Binti wa mvuvi anajua kusoma mawingu juu ya ziwa na kuondoa ndakala kwenye mchanga kabla mvua haijaanguka. Mtoto wa karyeri anashika jiwe jeusi mkononi, na kwa uzito tu anatambua kama ni kasiterite ao mchanga wa bure. Yule mama mwenye beseni anafanya hesabu ya kopo, faida na deni za wateja ishirini bila kartasi, na hapotezi falanga. Hayo ni maarifa. Ukiyachukua pamoja na shule, utakuwa na mahali pa kukanyaga. Ukiyatupa ili ufanane na mtu wa Kinshasa, utabaki na viatu vya kukodisha.

Halafu anza na kweli ndogo. Usianze na kubwa. Juma hili, ukiulizwa darasani jambo usilolijua, sema "Sijui, Mwalimu," bila kubuni. Ukialikwa kwenye karamu na huna nguo mpya, nenda na ile uliyo nayo, ifuliwe na ipigwe pasi. Mwenzako akiuliza papa anafanya kazi gani, sema: "Anachimba Kisengo." Uone kitakachotokea. Mara mingi hakitokei kitu! Watu wanasema "Ah, sawa," na wanaendelea na maneno yao. Na hata kama mmoja atacheka, usiku utalala bila kulinda uongo. Wale wanaojua usingizi huo watanielewa.

Neno moja kwa wale wanaopenda kupotosha: kuna kijana anayekunywa kasiksi mpaka asubuhi, anawatukana wazazi, na akionywa anajibu, "Njo vile niko, munikubali hivi hivi." Hapana. Daudi aliyevua silaha za Saulo hakukaa nyumbani. Alishuka bondeni.

KWA WAZAZI

Papa na mama, mtoto hajifichi bila kufundishwa. Mara nyingi somo la kwanza la kujificha tunalitoa sisi. Mgeni akija, tunamwambia mtoto asitoke nje sababu nguo imechakaa. Tunaazima viti na sahani kwa jirani ili tuonekane. Tunamlinganisha kila jioni na mtoto wa fulani. Tunamwambia, "Weye hauna akili," halafu tunashangaa kwamba haliinui mkono shuleni. Anza kurekebisha mahali padogo: siku atakapokuja kusema kweli juu ya sahani aliyoivunja, usimpige kwa kweli hiyo. Akipigwa akisema kweli na kuachwa akisema uongo, amekwisha kujua ni upande gani wa kukaa.

Na mtoto aelezwe jina lake. Siku zile za otantisite watu wengi walichukua majina ya wakubwa kwa haraka, mbele ya meza ya serikali, na mpaka leo kuna vijana wanaobeba jina la mtu wasiyemjua. Kyungu na Kabange ni majina ya mapasa. Unajua pacha yule alikuwa nani? Mateso, Riziki, Feza, Machozi: kila jina lina siku yake. Labda yule nyanya alimwita mjukuu Machozi kwa sababu mtoto huyo alizaliwa wakati jamaa inalia, na ndiye aliyewanyamazisha. Binti angejua hilo, sijui kama angekimbilia Merveille.

Kwa hiyo, kijana, likizo hii ukifika kijijini, ama kama nkambo anaishi nanyi hapa Kalemie, chukua kaye na kalamu umwendee. Muulize aliyekuwa na jina hili kabla yangu alikuwa nani, alifanya kazi gani, alikaa kwenye mto gani, alikuwa mtu wa namna gani. Uulize na mabaya yake. Andika kwa lugha anayosema yeye, usitafsiri. Nkambo wengine watacheka kwanza, sababu miaka mingi hakuna mtu aliyewauliza. Ungoje. Mpe kiti kizuri, umletee na chai.